Bonyeza "s" kwanza: Linux isiyo na picha, sauti yake na mtandao wake

Tangu Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, maduka ya kompyuta katikati ya Kampala yamejaa ushauri. Muuzaji wa kwanza atakuambia laptopu yako imekwisha, nunua nyingine. Wa pili atasema weka Linux, ni bure. Wa tatu atacheka: Linux ni ya mafundi, skrini nyeusi na maandishi meupe, huiwezi. Ukiwaambia kwamba atakayeitumia mashine hiyo haoni kabisa, wote watatu watakubaliana kwa mara ya kwanza kwamba hapo hakuna njia.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu ukweli ni kinyume chake. Ile skrini nyeusi inayowatisha wenye macho ndiyo sehemu ya kompyuta ambayo asiyeona huimudu mapema kuliko nyingine, mradi jambo moja dogo lifanyike katika dakika ya kwanza ya usakinishaji. Nitalifikia. Kwanza tuelewane kuhusu maneno, maana wauzaji wetu watatu wanaposema "Linux" kila mmoja ana kitu chake kichwani.

Kwa maana finyu, Linux ni kiini: programu inayokaa kati ya vyuma vya kompyuta na programu nyingine zote, ikigawa kumbukumbu, ikisikiliza kibodi, ikipeleka sauti kwenye spika. Linus Torvalds aliitoa mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Simu yoyote ya Android inaendeshwa na kiini hichohicho, kwa hiyo anayeapa kwamba hajawahi kugusa Linux huenda anaapa akiwa ameishika mkononi. Kiini peke yake hakikusaidii kitu. Lazima kiwe na programu za kukizunguka, na wanaokusanya kiini na programu hizo, wakazijaribu pamoja na kuzitoa kama mfumo mmoja, hutengeneza kile kinachoitwa distro. Distro ziko nyingi na ubishi kuhusu ipi ni bora hauishi. Hapa nitazungumzia Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, kwa sababu moja: kisakinishi chake kinajua kuzungumza bila kuongezewa chochote, na kimekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025.

Mstari wa amri ni namna ya kuongea na kompyuta kwa maandishi. Unaandika, unabonyeza Enter, inajibu kwa maandishi, kisha inakusubiri. Hakuna kipanya wala alama ndogo za kubofya. Mfumo mdogo ni ule uliosakinishwa ukafikia hapo na kuachwa hapo: kiini, zana za msingi, mtandao, basi. Ukikosa picha, yaani madirisha na alama za kubofya, ni kwa sababu hukuziweka, si kwa sababu kuna kilichoharibika.

Kisoma skrini nacho ni programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini. Watumiaji wa Windows wanaijua NVDA, ambayo ni ya bure, au JAWS, ambayo ni ya kununua. Kwenye simu za Android kuna TalkBack. Kwenye mstari wa amri wa Linux kuna Speakup, nayo haikai juu ya mfumo kama wenzake. Ni sehemu ya kiini chenyewe. Speakup inachukua maneno yaliyo kwenye skrini, kijiprogramu kiitwacho espeakup kinayapokea, na eSpeak NG inayatamka. Yashike majina hayo matatu. Siku sauti ikikatika, tatizo huenda likawa kwa mmoja wao.

Sasa fikiria *165#. Kila anayetumia pesa za simu za MTN hapa Uganda anajua mwendo wake: unapiga, inakuja orodha yenye namba, unaandika namba, inakuja orodha nyingine. Mtu asiyeona mwenye simu inayomsomea hatatizwa na menyu hiyo, kwa kuwa ni mistari inayofuatana, kila mstari una namba, na jibu lake ni namba hiyo. Mpe mtu huyohuyo programu ya simu yenye picha zisizo na majina na vitufe vinavyohamahama kila sasisho jipya likija, ndipo utaona anavyohangaika. Mstari wa amri uko upande wa *165#. Kisoma skrini hakikisii kipi ni kitufe na kipi ni pambo. Kinasoma kilichoandikwa, toka juu kwenda chini.

Dakika ya kwanza

Kinachohitajika ni flashi yenye kisakinishi. Kwenye tovuti ya Debian kuna faili inayoitwa netinst, isiyofika GB 1, na programu kama Rufus huiandika kwenye flashi ukiwa bado ndani ya Windows. Kunakili faili hiyo kwenye flashi kama unavyonakili nyimbo hakutoshi, flashi haitawaka. Jina la faili lina neno "amd64", na hili huwababaisha wenye kompyuta za Intel bila sababu. Ni jina tu la kompyuta za biti 64, iwe ni AMD au Intel. Wenye mashine za zamani kabisa za biti 32 wajue kwamba Debian 13 haina tena kisakinishi chao.

Hapa pana pengo ambalo sitalifunika. Menyu ya kuchagua kompyuta iwake kutoka kwenye flashi, ile inayofunguliwa kwa F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi au F9 kwenye HP, haizungumzi. Ni kazi ya mtengenezaji wa kompyuta, Linux haijaamka bado. Asiyeona atahitaji jicho la mtu kwa dakika mbili, au akariri idadi ya kubonyeza mshale wa chini kwenye mashine yake. Ni aibu ya sekta nzima, na hakuna distro itakayoitibu.

Baada ya hapo menyu ya Debian inafunguka, na inapokuwa tayari hutoa mlio: mara moja kwenye mashine zinazoamshwa na BIOS ya zamani, mara mbili kwenye zinazoamshwa na UEFI, mrithi wake. Ukisikia mlio huo, bonyeza herufi "s", kisha Enter. Jambo dogo nililolitaja ni hilo. Baadhi ya laptopu hazina spika ya kutoa mlio huo, kwa hiyo ukisubiri ukaona kimya, bonyeza hivyohivyo. Baada ya muda sauti ya roboti itaanza kuuliza lugha. Mashine yenye njia kadhaa za sauti, kwa mfano spika zake na ile ya kwenda kwenye televisheni, itazijaribu moja baada ya nyingine na kukuomba ubonyeze Enter unapoisikia.

Mwenye kifaa cha breli akichomeke kwa USB kabla ya kuwasha. Programu ya BRLTTY humo ndani hukitambua yenyewe. Vifaa hivyo ni ghali na walio navyo hapa nchini ni wachache, ndiyo maana naegemea zaidi upande wa sauti.

Kwa nini "s" ni muhimu kiasi hicho? Kwa sababu kisakinishi cha Debian hurithisha. Ukisakinisha kwa sauti, mfumo mpya utawaka ukiwa na sauti. Ukisakinisha kwa breli, utawaka ukiwa na breli. Mtandao uliotumia wakati wa kusakinisha ndio utakaoukuta baadaye. Kinyume chake ndicho kinachowakuta watu wengi: rafiki mwenye macho anajitolea kusaidia, anaona sauti ya roboti inamkera, anasakinisha kimyakimya kwa vishale na kumaliza haraka, kisha anamkabidhi mwenyewe mashine iliyo sawa kwa kila kitu isipokuwa ni bubu. Mwenyewe anafika nyumbani, anawasha, hasikii neno, anahitimisha kwamba Linux haifai kwa wasioona. Kilichohitajika ni rafiki huyo kuvumilia roboti kwa muda wa usakinishaji.

Maswali yenye namba

Katika hali ya sauti, kisakinishi huuliza maswali yake kama orodha zenye namba. Unaandika namba, Enter. Ukiandika alama ya kuuliza unapewa msaada, na alama ya "<" inakurudisha swali la nyuma. Jibu ambalo kisakinishi chenyewe kinapendekeza hutajwa mwishoni, na ukilikubali unabonyeza Enter bila kuandika kitu.

Mtumiaji wa Uganda hukwama mara moja, mapema sana, na si kosa lake. Ukichagua Kiingereza kuwa lugha na Uganda kuwa nchi, kisakinishi husema hakuna mpangilio wa lugha uliotengenezwa kwa ajili ya mchanganyiko huo, kisha kinaorodhesha wa nchi nyingine. Wengi hudhani wamekosea, wanarudi nyuma na kuchagua Marekani, na saa ya kompyuta inawapotea. Usirudi. Chagua en_GB kwenye orodha hiyo na uendelee. Swali hili linahusu namna ya kuandika tarehe na fedha tu, na Uganda inabaki kuwa nchi yako, kwa hiyo saa itafuata Kampala.

Swali la nywila nalo lina mtego wake. Unapoiandika, sauti hainyamazi kwa ubovu. Hakuna kinachoandikwa kwenye skrini, kwa hiyo hakuna cha kusoma. Ndivyo inavyotakiwa. Wapo wanaoogopa kwamba kompyuta inayozungumza itatangaza siri zao chumbani, na jibu ni hilo. Pia, ukiulizwa nywila ya root, yaani msimamizi mkuu, unaweza kuiacha tupu. Debian itampa mtumiaji wa kawaida utakayemtengeneza uwezo wa kutoa amri za msimamizi kwa kutanguliza neno sudo. Kwa kompyuta ya mtu mmoja naona hiyo ndiyo njia safi.

Swali la diski lifanye ukiwa umetulia. "Tumia diski yote" maana yake ni hiyohiyo: picha, barua na kazi za shule zilizokuwa kwenye Windows zinafutika na hazirudi. Zihamishe kwanza kwenye diski nyingine, na uchomoe diski hiyo kabla ya kuanza. Umeme ukikatika katikati ya kazi kwenye kompyuta isiyo na betri, unaanza upya tu. Flashi haidhuriki.

Mtandao si kitu kimoja

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko wa sauti, hata kwa wenye macho. Mtu husema "mtandao hakuna" akimaanisha mambo matatu tofauti. La kwanza ni kiungo: je, kompyuta imeshikana na kifaa kingine kwa waya au kwa Wi-Fi? La pili ni anwani: je, kifaa hicho kimeipa kompyuta namba yake, na je, kupitia hapo inafika nje? La tatu ni majina: je, kompyuta inaweza kuuliza debian.org iko namba gani ikajibiwa? Kila ngazi inasimama juu ya iliyo chini yake, na kila moja ina kipimo chake. Amri ya "ip a" inakusomea viungo na anwani zako. "ping -c 3 1.1.1.1" inajaribu kufika nje kwa namba. "ping -c 3 debian.org" inajaribu kufika nje kwa jina. Namba ikijibu na jina lisijibu, intaneti unayo. Kilichoharibika ni utafutaji wa majina. Zote zisipojibu, rudi kwenye "ip a", na kabla hujaichokonoa kompyuta hakikisha data haijaisha.

Uvumi kwamba Linux haikubali Wi-Fi una chanzo cha kweli. Kadi nyingi za Wi-Fi haziamki mpaka zipewe programu yao ndogo kutoka kwa mtengenezaji, fimwea. Msimbo wa fimwea hizo mara nyingi umefungwa, na Debian kwa misimamo yake ya uhuru wa programu ilikuwa ikiziweka nje ya kisakinishi rasmi. Matokeo yake, mtu alihitaji intaneti ili apate kitu cha kumpa intaneti. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kubadilisha hilo, na kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 fimwea zimo ndani ya flashi. Zimo pia zile za sauti, ambazo laptopu nyingi za miaka ya karibuni haziwezi kutoa neno bila hizo. Anayekuhadithia shida hizi mara nyingi anakumbuka mfumo aliousakinisha kabla ya hapo.

Hata hivyo, kwa mazingira yetu njia ninayoipendekeza si Wi-Fi. Ni simu na waya wake wa USB. Chomeka simu ya Android kwenye kompyuta, nenda kwenye mipangilio ya simu mahali pa kushirikisha intaneti, washa ile ya USB. TalkBack itakuongoza mpaka hapo bila msaada. Linux huiona simu hiyo kama mtandao wa waya wa kawaida: haihitaji fimwea, wala nywila ya Wi-Fi, wala kuchagua jina kwenye orodha ndefu ya majirani. Iwe laini ya MTN au Airtel, kompyuta haijui na haijali. Njia hii inakuokoa pia na mitandao ya hosteli na hoteli inayokutaka kwanza ufungue ukurasa na kuandika namba ya chumba. Kisakinishi hakina kivinjari cha kufungulia ukurasa huo, na utakwama ukidhani umeshaunganishwa.

Data inagharimu, na tangu Julai 2021 tunailipia ushuru wa asilimia 12 juu ya kodi nyingine. Habari njema ni kwamba mfumo wa msingi umo tayari ndani ya netinst. Kinachopakuliwa ni nyongeza na masasisho. Ukichagua mfumo wenye picha kamili, andaa zaidi ya GB 1. Ukibaki kwenye mstari wa amri, utatumia sehemu ndogo ya hiyo. Ndiyo maana flashi ya netinst ni kitu cha kukihifadhi. Wiki kama ile ya uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima, bado ingekupa mfumo wa msingi unaowaka.

Uamuzi wa ukubwa wa mfumo unafanyika karibu na mwisho, kisakinishi kinapouliza ni mkusanyiko gani wa programu unaoutaka. Katika hali ya sauti unaandika namba unazozitaka, ukizitenganisha kwa nafasi. Chagua mbili tu: seva ya SSH, yaani mlango wa kuingilia kompyuta hiyo kutoka kifaa kingine, na zana za kawaida za mfumo. Namba za mazingira ya picha, zinazoanza na "Debian desktop environment", usiziandike. Kwa chaguo hilo, kompyuta yenye RAM ya GB 1 itakwenda vizuri, wakati Windows 11 inadai angalau GB 4, pamoja na kichakato na kifaa cha usalama ambavyo laptopu nyingi za mitumba zilizojaa madukani hazina.

Inapowaka

Kompyuta itajiwasha upya na sauti itasema "login". Andika jina lako, Enter, nywila, Enter. Kuanzia hapo Speakup iko chini ya vidole vyako. Kwenye kibodi yenye namba upande wa kulia, 8 inasoma mstari uliopo, 7 uliopita, 9 unaofuata. 4, 5 na 6 zinafanya hivyohivyo kwa maneno, na 1, 2 na 3 kwa herufi. Enter ya upande huohuo inaikatiza sauti ikianza kupayuka. Kwenye laptopu zisizo na namba hizo, kitufe cha CapsLock kikishikwa pamoja na herufi hufanya kazi hiyo.

Ukiambiwa kwamba kila kitu kwenye mstari wa amri ni rafiki wa asiyeona, usikubali. Kuna programu zinazochora visanduku kwa herufi na kuvichora upya kila sekunde, na kisoma skrini huzisoma kama mtu anayeweweseka. Mfano wa karibu ni mtandao wenyewe. Baada ya kuweka NetworkManager, programu ya kusimamia mtandao, kwa "sudo apt install network-manager" (apt ndiyo inayopakua na kuweka programu za Debian), utakuta zana mbili. nmtui huchora menyu za kupendeza macho. nmcli hujibu kwa mistari. Chagua nmcli: "nmcli device wifi list" inakusomea mitandao iliyopo, na "sudo nmcli --ask device wifi connect" ukifuatisha jina la mtandao itakuuliza nywila na kukuunganisha. Kama haioni kadi yako, fungua faili ya /etc/network/interfaces. Kisakinishi huandika humo mtandao ulioutumia, na NetworkManager haigusi kifaa kilichotajwa humo mpaka mistari hiyo iondolewe. Vivyo hivyo kwa sauti: badala ya alsamixer yenye vipimo vya kuchorwa, "amixer set Master 80% unmute" inamaliza kazi kwa mstari mmoja.

Kwenye mashine za mitumba kuna hila nyingine inayofanana kabisa na tatizo la mtandao. Betri ndogo ya saa ndani ya laptopu ikiisha, kompyuta huamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita. Mtandao upo, ping inajibu, lakini apt inakataa kupakua ikilalamika kwamba faili za Debian bado hazijaanza kutumika, kwa kuwa kwa saa yake zimetoka siku zijazo. Andika "date". Mwaka ukiwa si wenyewe, irekebishe saa kwanza. Betri hiyo ni rahisi na fundi yeyote anaibadilisha.

Sauti itaanza kwa Kiingereza, na itasoma barua ya Kiswahili kwa lafudhi ya kuchekesha kwa sentensi mbili na ya kuchosha baada ya hapo. eSpeak NG ina Kiswahili. Katika faili ya /etc/default/espeakup kuna mstari wa VOICE. Weka "sw", kisha "sudo systemctl restart espeakup". Bado ni roboti, ila "ng'ombe" anatamkika. Nashauri kubaki na Kiingereza wakati wa kushughulikia mfumo, maana ujumbe wote wa mfumo ni wa Kiingereza, na kuhamia Kiswahili wakati wa kusoma na kuandika.

Sauti ikikatika, mtandao ndio mlango

Watu huchukua sauti na mtandao kama masuala mawili yasiyokutana. Kwa asiyeona ni suala moja. Ile seva ya SSH uliyoichagua inaruhusu mtu kuingia kwenye mstari wa amri wa kompyuta hiyo akiwa kwenye kifaa kingine. Kwa hiyo Linux ikibaki bubu, huhitaji macho ya mtu. Unahitaji kifaa kingine kinachozungumza: kompyuta ya Windows yenye NVDA, ambayo amri ya ssh imo tayari ndani yake, au simu yenye TalkBack na programu ya Termux, inayoleta mstari wa amri kwenye simu. Unaandika ssh, jina lako, alama ya @ na anwani ya kompyuta, na maneno ya mashine bubu yanasomwa na kifaa kile. Ukiwa humo unaweza kuiamsha espeakup, kuinua sauti iliyofungwa, au kuiweka upya yote kwa "sudo apt install espeakup" kwenye ile mashine iliyosakinishwa kimyakimya na rafiki mwenye haraka.

Ugumu ni kuijua anwani ya mashine usiyoisikia. Kwa hiyo siku ambayo sauti bado ni nzima, weka avahi-daemon. Baada ya hapo, kompyuta nyingine kwenye mtandao huohuo itaifikia kwa jina lake likifuatwa na ".local", bila namba. Na kifaa kidogo cha sauti cha USB, cha kuchomekea spika za masikioni, ni kinga rahisi kwa laptopu ambayo kadi yake ya sauti haiaminiki.

Je, mfumo huu unatosha kwa maisha ya kila siku? Inategemea maisha yenyewe. Kuandika kwa nano, kusoma barua pepe, kusikiliza redio na vitabu vya sauti kwa mpv, kujifunza Python, kugeuza faili za Word kuwa maandishi matupu kwa pandoc, kuendesha seva ya shule au ya ofisi: hayo yote yanafanyika, na mengine kwa kasi kuliko kwenye madirisha. Kwa tovuti nyepesi kuna lynx na w3m. Lakini tovuti za benki, fomu nyingi za serikali na mitandao ya kijamii hutegemea JavaScript, na vivinjari hivyo haviiendeshi inavyotakiwa. Anayekuambia utaachana kabisa na kivinjari kikubwa hajajaribu kujaza fomu ya mtandaoni hivi karibuni. Kwa kazi hizo utabaki na simu, au utaongeza mazingira ya picha.

Kuyaongeza kunawezekana wakati wowote, bila kusakinisha upya. "sudo tasksel" inarudisha ile orodha ya programu. Kisoma skrini cha upande wa picha kinaitwa Orca, na MATE ni mojawapo ya mazingira ambayo Orca inatumika nayo sana. Fanya hivyo ukiwa umeshauzoea mstari wa amri na SSH yako inafanya kazi, kwa sababu programu za sauti za upande wa picha na espeakup wakati mwingine hugombania kadi moja ya sauti, na anayenyamazishwa mara nyingi ni espeakup. Ikitokea, ingia kwa SSH na uanze kwa "systemctl status espeakup".